Maumivu Yamepungua, Je, Nguvu za Mguu?

Barua za kiuno na mguu zimejaa sandukuni tangu toleo lililopita. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Assalam aleikum. Naendesha tuktuk upande wa Likoni. Wiki ya tatu hii maumivu yanaanzia tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja mpaka kidole kidogo cha mguu, kama shoti ya umeme. Nikikohoa yanaruka zaidi. Mzee mmoja kaniambia ni baridi yabisi, wenzangu stejini wanasema nikapigwe sindano duka la dawa. Nishike lipi?
*Dereva, Likoni*

Waaleikum salaam, ndugu. Baridi yabisi hukaa kwenye viungo: goti likavimba, vidole vikakakamaa asubuhi. Maumivu yanayofuata njia moja kutoka takoni hadi kidoleni, tena yakaruka ukikohoa, ni ya neva. Hii ndiyo siatika. Neva yenyewe ni nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole, na huundwa na mizizi inayotoka baina ya pingili za chini za uti wa mgongo. Kwa hiyo unaumwa mguu, lakini mara nyingi kosa liko kiunoni. Diski, ule mto ulio kati ya pingili mbili, hupasuka ukuta wake wa nje, na ute wa ndani hutokeza ukaubana mzizi. Kwako yanaishia kidole kidogo, basi mzizi wa kushukiwa kwanza ni ule waganga wanaouita S1. Yangeishia juu ya wayo na kidole gumba, tungeutazama L5.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, kwa sababu mwili wenyewe huula polepole ule ute uliotokeza. Kulala kitandani zaidi ya siku moja au mbili hakusaidii. Misuli hulegea na kiuno hukaza.

Sindano ya takoni tunakukataza. Neva hiyohiyo inayolalamika inapita takoni, na sindano ikichomwa mahali pasipo pake, yaani nje ya robo ya juu ya upande wa nje, inaweza kuijeruhi na kuuacha wayo ukining'inia. Na diklofenaki, dawa ya maumivu wanayokuchoma, ya sindano ni ileile ya kidonge. Kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo wala presha, meza ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, isizidi wiki moja bila ushauri wa daktari. Usiichanganye na diklofenaki. Ni ndugu, na tumbo ndilo litakalolipa.

Kitini, toa pochi mfuko wa nyuma, kwani inalikandamiza tako na kuupinda mgongo kutwa nzima. Kunja leso iwe nene kama mkono, uiweke nyuma ya kiuno juu kidogo ya mshipi. Kila baada ya nusu saa shuka, tembea dakika mbili hata kama abiria wananung'unika.

Shikamooni. Mama yangu ana miaka 58. Alikuwa akiumwa na mguu wa kulia miezi miwili, akikandwa kwa mafuta ya karafuu. Sasa maumivu yameisha na sote tulifurahi, ila kandambili humchomoka akitembea, na wayo unapiga sakafu "pa! pa!". Anasema amepona. Mimi sina amani.
*Binti, Kisauni*

Marahaba, mwanetu. Una haki ya kukosa amani, na barua yako ndiyo iliyotufanya tuweke kichwa hicho hapo juu. Watu huyafanya maumivu kuwa kipimo: yakizidi wanakimbilia hospitali, yakiisha wanashukuru. Katika ugonjwa huu kipimo ni nguvu. Mzizi uliobanwa sana unaweza kuacha kupeleka habari za maumivu na za nguvu kwa pamoja. Maumivu yakiondoka na nguvu ikarudi, huko ni kupona. Yakiondoka na wayo ukalegea, hali imeharibika.

Mpime mama leo, pekupeku, akiwa karibu na ukuta, na kila kitu ulinganishe na mguu mzima.

Atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Akishindwa upande wa kulia, misuli inayoinua wayo imelegea. Hiyo huongozwa hasa na L5, na L4 kwa kiasi. Kisha ashike ukuta, asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino mara kumi. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu misuli ya chafu, yaani shavu la nyuma ya mguu chini ya goti, ina nguvu sana: mtu huinua mara mbili tatu akadhani yuko sawa, kumbe mguu mwingine unafika kumi bila taabu. Hiyo ni S1. Mwisho aketi kitini ainuke kwa mguu mmoja, wewe ukiwa tayari kumdaka. Goti likimtupa, tazama mizizi ya juu kidogo, L3 na L4.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho hata vituoni husahauliwa. Mwambie ageuze wayo uangalie ndani, wewe uzuie kwa mkono. Kama ana nguvu ya kugeuza ndani lakini hawezi kuinua wayo juu, huenda neva imebanwa pembeni ya goti, chini kidogo upande wa nje, inapopita juu ya mfupa bila nyama ya kuilinda. Hiyo hutokea kwa kuchutama muda mrefu, kukaa umekunja nne, au kukonda ghafla. Kama kugeuza ndani nako kumelegea, huenda tatizo liko kiunoni. Tiba za mahali hapo pawili hazifanani, kwa hiyo mweleze daktari ulichokiona.

Mpeleke wiki hii hii, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Daktari hupima nguvu kwa alama 0 hadi 5. Alama 3 ni kuinua kiungo dhidi ya uzito wake wenyewe bila kuzuiwa. Akiwa chini ya hapo, au akishuka siku hadi siku, ataulizwa kuhusu MRI, picha inayoonyesha diski na neva, na pengine upasuaji wa kuondoa kipande kilichobana. Neva iliyoharibika ndani hukua upya kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi wayoni ni mbali. Kila wiki ya kungoja ina bei.

Wakati huo avae kiatu chenye kamba au kishikizo cha nyuma, kandambili aziweke kando, na mkeka uliokunjika ukingo uondolewe njiani. Watu wa fiziotherapia hospitali kuu ya Pwani au kwingineko wanaweza kumpimia kishikizo cha plastiki cha kuuzuia wayo usining'inie.

Na haya hayangoji asubuhi: ganzi sehemu za siri na mahali ambapo tandiko humgusa aliyepanda punda, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, choo kumponyoka, au miguu yote miwili kulegea. Mzigo mzima wa neva za chini umebanwa. Usiku huohuo dharura, hata kama feri ina foleni.

Mimi ni hamali soko la Kongowea. Siatika imenipungua baada ya miezi mitatu lakini paja na chafu la mguu mmoja vimekonda. Nataka nguvu nirudi kwenye magunia. Nipeni mazoezi, si maneno.
*Hamali, Kongowea*

Haya, maneno machache basi, ya kuanzia tu: misuli haikukonda kwa uvivu. Imekonda kwa sababu neva haikuiamrisha, na sasa inataka kufundishwa taratibu.

Anza mkekani. Lala kifudifudi dakika mbili, kisha jiinue kwa mikono huku nyonga zikibaki chini, mara kumi, mara tatu kwa siku. Tazama maumivu yanahamia wapi. Yakitoka mguuni yakapanda kiunoni, endelea, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi. Yakishuka kuelekea wayo, acha. Zoezi hilo si lako.

Geuka chali, magoti juu, inua makalio, shikilia sekunde 5, mara kumi. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, fungua goti la juu kama chaza bila kuzungusha kiuno, mara kumi na tano. Hili watu huliona jepesi wakaliruka, lakini misuli ya pembeni mwa nyonga ikilegea ndipo mtu anapochechemea hata wayo ukiwa mzima.

Chafu: inua visigino vyote viwili, shuka polepole kwa mguu mbovu peke yake. Raundi tatu za kumi, siku moja fanya, siku moja pumzika. Ukifika kumi kwa mguu mmoja bila kuinama mbele, umepiga hatua kubwa. Wayo: kata mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye mguu wa meza, uvute kwa vidole kuja kwako.

Kutembea ndani ya bahari, maji kifuani, hupunguza uzito juu ya diski. Chagua mchanga mtupu na uvae viatu: mguu wenye ganzi hausikii kombe linapoukata.

Gunia la kilo 90 lingoje. Anza na kilo 10, ongeza kilo 5 kwa wiki, na urudi nyuma mguu ukianza kuwasha. Usifanye kama malori yanavyotaka, kuinua mizigo mara tu baada ya kuamka. Usiku diski hunywa maji na kuvimba, na saa ya kwanza kiuno hakipendi kuinama. Ukipokea mzigo, geuka kwa nyayo. Kiuno kilichopindwa chini ya gunia ndicho kilichopasua diski za wengi.

Nilipiga eksrei ya mgongo, ikatoka safi. Lakini nyayo zote mbili zinawaka moto usiku. Nina kisukari miaka tisa. Nimeambiwa ni siatika, nimeandikiwa vitamini B.
*Msomaji, Majengo*

Eksrei huonyesha mifupa; diski na neva haizioni, kwa hiyo "safi" yake haikanushi siatika. Faida yake ni kuonyesha pingili iliyovunjika au iliyoliwa na kifua kikuu cha mgongo, na hiyo ya pili huja na homa, jasho la usiku na kukonda. Ikiwa unazo dalili hizo, sema, kwani eksrei ya mapema inaweza kuikosa.

Lakini nyayo mbili kwa pamoja, kuanzia vidoleni na kupanda kama soksi, si desturi ya siatika. Hiyo mara nyingi ni kazi ya sukari. Pima sukari ya miezi mitatu, na kama unameza metformini muda mrefu, pima B12, kwani dawa hiyo huishusha. Ikiwa imepungua vitamini itakusaidia. Ikiwa haikupungua, unanunua mkojo wa rangi.

Je, mwenye siatika aswali vipi? Rukuu inaniua.
*Mzee, Mji wa Kale*

Hukumu mwulize imamu wako. Kwa upande wa mgongo, kiti chenye mgongo ulionyooka, nyayo zote chini, na kiganja kimoja kikishika paja unapoinama kidogo. Kuinuka kutoka sijida ndiko kunakotonesha zaidi. Na usiketi kibao cha mbuzi kukuna nazi kabla ya Ijumaa kisha ukalaumu swala.