Kuingia makanisani na kutazama masanamu katika safari ya wanafunzi

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Arua, Uganda, nasoma usanifu wa majengo Milan, Italia, kwa ufadhili. Kikundi chetu cha wanafunzi wa kigeni kimepanga kwenda Florence wikendi. Tunapanda treni Ijumaa saa tisa alasiri na kurudi Jumapili usiku. Kwenye ratiba kuna kanisa kuu la Santa Maria del Fiore na kuba lake, kanisa la Santa Croce, na majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia, ambamo mna masanamu ya watu uchi. Jumamosi usiku kuna chakula cha pamoja. Nilipomwambia mama kwa simu akasema, "Mimi sikukupeleka huko ukazuru masanamu." Safari si ya lazima, ila kuba lile tumelisoma darasani muhula mzima. Je, naruhusiwa kwenda? Na swala nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nenda. Safari hii asili yake ni halali, na kwako wewe inakaribia kuwa sehemu ya masomo. Lakini mama kwanza. Kwa maneno uliyoyaandika hajakukataza, ameogopa tu. Mpigie kabla hujalipa nauli, umweleze unakwenda kutazama nini na swala utaziswali wapi. Akiridhika, safari yako itakuwa na dua nyuma yake.

Kuhusu makanisa, iko hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, na inalingana sana na swali lako. Ummu Habiba na Ummu Salama, Mwenyezi Mungu awawie radhi, walikuwa wamehamia Uhabeshi. Walimsimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kanisa waliloliona kule na picha zilizokuwamo. Hakuwakemea kwa kuliona. Aliwaeleza kosa la wenye kanisa: akifa mtu mwema kwao, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuchora picha hizo ndani yake. Basi tofautisha macho yaliyoona na moyo uliotukuza.

Bukhari tena, katika mlango wa kuswali kanisani, ametaja kauli ya Umar kwamba hawaingii makanisa yao kwa sababu ya masanamu yaliyomo, na akataja kwamba Ibn Abbas alikuwa akiswali kanisani isipokuwa lenye masanamu. Kwa hiyo usishangae ukisikia wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu yetu ya Shafii wapo waliokataza kabisa kuingia penye picha zinazotukuzwa. Mimi nawafuata wanaosema yafaa kwa haja, kwa idhini ya wenyewe, bila kushiriki ibada yao. Hapa Kampala wageni wasio Waislamu hupanda mnara wa msikiti wa Old Kampala, akina mama wakipewa mitandio mlangoni, na sijasikia mtu aliyesilimishwa na ngazi. Wewe nawe usiwashe mshumaa, usichovye mkono kwenye maji yao, usipige goti ili upate picha nzuri. Wakianza misa, toka nje kwa adabu. Na vaa vizuri, kwani hata wao kule wanataka mabega na magoti yafunikwe.

Sasa kuba. Filippo Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436 bila kiunzi cha mbao cha kulibeba kutoka chini. Ni makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali mengine yamelazwa na mengine yamesimamishwa ili yabanane yasiteleze kabla chokaa haijashika. Ngazi zake 463 zinapita katikati ya makuba hayo mawili, na humo ndimo kazi yako ilimo. Upande wa chini, wa ndani, Vasari na Zuccari wamechora Siku ya Hukumu, na mashetani na moto wake. Sisi mambo ya ghaibu hatuyachori. Pita hapo haraka, ukapande ukatazame matofali. Ukirudi Arua ukajenga kuba la msikiti lisilovuja mvua ya Agosti, wazee hawatakuuliza ulijifunzia wapi.

Santa Croce ndiko utakakoiona hadithi ya Ummu Salama kwa macho yako, kwa sababu Michelangelo na Galileo wamezikwa mle ndani ya kanisa, makaburi yao yamepambwa kwa masanamu. Tazama, uelewe Mtume alikuwa akionya nini. Na usiwacheke, kwani sisi wenyewe tunayo makaburi ambayo watu huyafanyia yasiyofaa.

Linaloniuma zaidi ni la Accademia. Sanamu maarufu ya Michelangelo, aliyoichonga kati ya 1501 na 1504, yenye urefu unaozidi mita 5, wengi huitazama kama kijana mzuri tu wa marumaru. Lakini huyo aliyekusudiwa ni Daud, alayhi salaam, kabla ya kupigana na Jaluti. Kwetu ni Nabii. Qur'ani inasema katika Suratul Baqara aya ya 251 kwamba Daud alimuua Jaluti, na Mwenyezi Mungu akampa ufalme na hekima. Ndiye aliyeteremshiwa Zaburi. Ndiye ambaye Mtume wetu alimsifu kwamba hakuwa akila ila kwa kazi ya mkono wake. Wamemsimamisha uchi mbele ya umati! Wengi wanaozungumzia sanamu hii huishia kwenye uchi, nami naona uchi ni nusu ya tatizo. Nusu kubwa ni kumpa Nabii sura ya kubuni.

Ukiniuliza, ningekuambia ukae nje ya chumba kile. Mwalimu wako akikutaka uandike juu yake, tazama kwa kiasi cha haja, kama mwanafunzi wa udaktari anavyotazama mwili, kisha inamisha macho uondoke. Selfi usipige. Wala usigombane na mwongoza wageni. Rafiki akikuuliza kwa nini umetoka, mwambie Daud ni nani kwako. Huenda hajawahi kusikia kwamba Waislamu wanamwamini.

Uffizi ni hivyo hivyo, ila humo mna jambo la kukutahadharisha. Utakutana na mchoro wa Gentile da Fabriano wa mwaka 1423, ambamo miduara ya dhahabu kwenye vichwa vya Maryam na Yusuf (yule wanayesema ni mume wake, si Nabii Yusuf) ina nakshi zinazofanana na maandishi ya Kiarabu. Si aya. Ni pambo, wachoraji waliiga vitambaa na vyombo vilivyokuja kutoka nchi za Kiislamu. Nalitaja kwa sababu najua WhatsApp: kesho mtu atakutumia video kwamba ni shahada iliyofichwa. Usiisambaze. Ukitaka kuona kazi ya Waislamu iliyo wazi, karibu na hapo, kando ya mto Arno, pana Museo Galileo. Ndani yake mna tufe la nyota lililotengenezwa Valencia katika karne ya 11 na Ibrahim ibn Said al-Sahli. Wenzako wakiwa kwenye foleni ya Accademia, wewe nenda huko.

Swala ni nyepesi. Wewe ni mkazi wa Milan, basi Ijumaa iswali hapo kwanza. Treni ya saa tisa inakuruhusu. Florence ni mbali kiasi cha kilomita 300, na masafa ya kukusuru, yaani kufupisha swala, kwetu ni kama kilomita 81. Ukishatoka mjini, Alasiri ni rakaa mbili. Treni za kasi huchukua kama saa mbili, kwa hiyo usiiswali kwenye kiti, iswali ukishashuka, maadamu jua halijazama. Magharibi unaikusanya na Isha, tatu na mbili. Ukiswali nyuma ya imamu mkazi, timiza nne. Hukumu hiyo inaendelea mpaka uingie tena Milan. Na kibla chako huko ni kusini-mashariki, si kaskazini tulivyozoea Uganda.

Chakula cha Jumamosi: Mtume amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na Toscana, mkoa wa Florence, bila mvinyo ni nadra. Kula mapema, uwakute wakitembea mjini. Nyama ya Ahlul Kitabi, yaani Wakristo na Mayahudi, ina maneno marefu. Kula samaki au mboga upumzike. Soseji yao iitwayo finocchiona ni ya nguruwe, na huwekwa ndani ya mkate bila mtu kukuambia.

Vijisanamu vya Daud vinavyouzwa barabarani usinunue. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu, na hiki utakitia nyumbani mwako kwa hiari yako. Florence inasifika kwa ngozi, mkanda au mkoba haudhuru. Ila uliza ni ya mnyama gani, maana ngozi ya nguruwe katika madhehebu yetu haitwahiriki hata ikitiwa dawa ya ngozi.

Wallahu aalam.