Fenwick ya mzee usiipige msasa

Mkuu, umesema fimbo ya kuvulia ya marehemu mzee ni Fenwick ya kaboni, vanishi inabanduka na pete za kupitishia mshipi zimeshika kutu. Fenwick ni kampuni ya Kimarekani, fimbo za kaboni walizileta sokoni mwaka 1973 so hiyo ni mali. Msasa weka mbali kabisa, ukikwangua mpaka kwenye nyuzi za kaboni imeisha hiyo, siku ukikamata samaki mkubwa inakatika paa! Uzi uliofungia pete kwenye fimbo kata na wembe juu ya mguu wa pete tu, sio kwenye fimbo yenyewe, halafu funga mpya upake gundi ya epoksi nyembamba huku unaizungusha taratibu isichuruzike. Mpini wa koki (ile ya vizibo vya chupa) osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Kama mzee aliandika jina lake kwenye fimbo, maandishi yaache hivyo hivyo, mi ya baba niliyafuta najuta hadi leo. Na nyaya za umeme kaa nazo mbali, kaboni inapitisha umeme.