Shindano Lilivyokaribia Kuua Kikundi Chetu cha Kuchora

Juzi nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Newala. "Kaka, tumeanzisha kikundi cha kuchora, tuko tisa. Tuweke shindano kila wiki ili watu wasilale?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Najua wengi wenu mna ndoto kama yake, kwa hiyo jibu lenyewe ni hili.

Sisi tulianzia Mikindani, pwani ya Mtwara, Jumapili jioni, watu sita na penseli za HB. Nia yetu ilikuwa moja tu: kukaa pamoja na kuchora kilicho mbele ya macho. Kuta za mawe ya matumbawe zilizobanduka chokaa, milango ya nakshi, ngalawa zilizolala ubavu maji yakishapwa. Ukichora ngalawa ndipo utakapojua kwamba hukuwahi kuitazama. Mirengu, ile miti ya pembeni, haikai pale ulipodhani, na kivuli cha chini yake si cheusi kabisa, kina weupe wa mchanga mbichi ndani yake. Nimezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, lakini hilo nimelijua nikiwa na miaka 31.

Halafu likaja shindano la mwezi. Kila mtu analeta mchoro, tunapiga kura, mshindi anapewa daftari na penseli laini ya 6B. Wazo lilikuwa langu, simsingizii mtu. Mwezi wa kwanza nilishinda kwa mchoro wa Boma la Wajerumani, lile la mwaka 1895 pale mlimani. Wa pili nikashinda, wa tatu nikashinda. Ule mchoro wa Boma ni mzuri, nalisema wazi. Ngazi zake peke yake nilizirudia mara saba.

Mwezi wa nne nikapitwa kwa kura mbili na sura ya mchezaji wa mpira, iliyonakiliwa kutoka kwenye simu kwa mistari ya gridi, kiboksi kwa kiboksi. Mwenzetu mmoja akasema mbele ya wote, "Majengo yako tumeyachoka." Neno lile lilinichoma, na hadi leo nikilikumbuka bado linauma. Wiki tatu sikukanyaga.

Niliporudi nilikuta watu wamebadilika. Bahari ilikuwa pale pale, hakuna aliyeitazama. Kila mmoja kainamia simu, anachora nyuso za mastaa, maana ndizo zenye kura. Wengine walifunika karatasi kwa kiganja ukipita karibu. Na dogo wetu wa kidato cha pili, ambaye siku zote alichora mitumbwi tu, alikuwa ameacha kuja. Katika ile miezi minne hakupata kura hata moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma matokeo kwa sauti.

Ndugu yangu wa Newala, shindano lenyewe halina ubaya. Bila lile nisingerudia ngazi mara saba. Ila msiliache limeze siku zenu zote. Sisi sasa tunashindana mara moja kila miezi mitatu. Jumapili nyingine ni za kuchora tu, simu mfukoni. Mada ni kitu cha hapa hapa, unakichora ukiwa umekaa mbele yake. Kura tumefuta: kila mtu anasema ni kitu gani kimemgusa kwenye mchoro wa mwenzake. Tazameni mashetani ya mchoraji marehemu George Lilanga, mzaliwa wa Masasi: masikio makubwa, midomo imechomoza, vidole viwili vitatu. Kwa kura zetu zile yangeshika mkia, na watu wa Ulaya na Japani wameyatundika ukutani. Acheni kuchora kwa ajili ya makofi! Jiulizeni mlikutana kwa ajili ya nini siku ya kwanza, na mjiulize tena kila mnapokaa.

Jumamosi iliyopita nilimfuata yule dogo kwao. Nilimkuta na baba yake wanashona nyavu. Nilimwomba radhi, kisha nikampa daftari langu anionyeshe mtumbwi unachorwaje, kwa sababu wangu hutoka kama bakuli. Hakusema kama atarudi. Alifuta mikono kwenye kaptula, akachukua penseli, akaanzia kwenye omo, ile ncha ya mbele, mahali ambapo mimi siku zote nimekuwa nikimalizia.