Wasomaji Wauliza: Picha ya cheti imekataliwa kwa uzito

SWALI: Mhariri, ninaomba kazi ya ukarani kupitia mtandao, na fomu inataka picha ya cheti changu cha KCSE isiyozidi kilobaiti 500. Niliyoipiga kwa simu ina megabaiti 4.8. Kijana wa saiba aliipunguza hadi kilobaiti 90, lakini nilipoifungua niliona majina ya masomo yameingia ukungu na B haitofautiki na D. Nifanyeje mwenyewe, bila kulipa tena? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole kwa usumbufu, ndugu msomaji. Kijana huyo hakukosea kuipunguza picha, ila alivuka mpaka: uliruhusiwa kilobaiti 500 naye akakuachia 90, yaani hata robo ya nafasi yako haikutumika.

Uzito wa picha hutokana na mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni idadi ya pikseli, vile vidoa vya rangi vinavyoijenga picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000. La pili ni ubanaji. Mfumo wa JPEG, uliotolewa mwaka 1992 na ambao simu nyingi zingali zinautumia, huigawa picha katika visanduku vya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa ndani ya kila kimoja yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Katika picha ya ziwa wakati wa jioni hutaiona hasara hiyo. Katika maandishi, ambapo wino mweusi unakutana ghafla na karatasi nyeupe, ubanaji ukizidi huacha vumbi kando ya kila herufi, na huo ndio ukungu uliouona.

Kwa hiyo, kwa cheti, punguza pikseli kwanza na ubanaji uuache wa wastani. Pikseli 1600 kwa 1200 hazifiki hata sehemu moja ya sita ya zile za mwanzo, nazo zinatosha kusomeka kwa ukurasa mzima wa A4. Simu nyingi za Samsung zina nafasi ya kazi hii ndani ya sehemu ya kuhariri picha: gusa nukta tatu, uchague "Resize", kisha asilimia 40. Kama simu yako haina, mtumie picha hiyo kwa WhatsApp ndugu unayemwamini, iwe picha ya kawaida, si ya HD wala si hati, naye akurudishie. Itarudi ikiwa imepunguzwa.

Lakini ningekushauri uipige upya kabla ya hayo yote. Nakisia, na unisamehe nikikosea, kwamba cheti ulikilaza juu ya kitambaa cha meza chenye maua ya kufuma, usiku, chini ya balbu. Kila uzi wa ua lile ni habari ambayo faili italazimika kuibeba, na chembechembe ambazo kamera huzizalisha penye mwanga hafifu nazo hubebwa vivyo hivyo, ingawa hazina faida kwa yeyote. Kiweke karibu na dirisha mchana, simu iwe sambamba na karatasi, kisha ukate kingo mpaka kibaki cheti peke yake. Huenda ukashangaa jinsi uzito utakavyoshuka kabla hujagusa kitu kingine.

Picha ya mwanzo usiifute, na kila ukitaka ukubwa mwingine anzia kwayo, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Tena usikipakie cheti chenye jina na namba yako ya mtihani kwenye tovuti yoyote usiyoijua, hata ikijitangaza kuwa ni ya bure.

SWALI: Picha zangu za iPhone hazizidi kiwango kinachotakiwa, lakini fomu inazikataa. Kwa nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapo kosa si uzito, ni aina ya faili. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao hubana vizuri kuliko JPEG lakini fomu nyingi haziutambui. Fungua mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", uchague "Most Compatible". Picha mpya zitakuwa JPEG, nazo zitakuwa nzito zaidi, kwa hiyo utahitaji ushauri niliompa mwenzako wa Kondele. Zile za zamani hazitabadilika. Zipitishe kwa WhatsApp kama nilivyoeleza, maana upande wa pili hufika zikiwa JPEG.