Sharti halikutaja jina la mtu

Mhariri na wasomaji wenzangu, habari za huko. Swali lenu la wiki hii ni kama ubaguzi wa rangi na upendeleo wa wachache vimeingia mpaka ndani ya harakati za wanawake zenyewe, au hayo ni ya wazungu huko kwao na sisi hayatuhusu. Mi najibu kutoka Kibirizi, Kigoma, naanika dagaa mwaka wa 14 huu na ni katibu wa kikundi chetu cha wamama 23, na jibu langu ni kwamba yanatuhusu sana, tena mi mwenyewe nimeyafanya.

Nianze na huko kwao mana ndo yanakosimuliwa zaidi. Tarehe 3 Machi 1913 wanawake wa Marekani waliandamana Washington kudai haki ya kupiga kura. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi wa Chicago ambae alishajulikana kwa kupambana na wale waliokua wanawaua watu weusi bila kesi wala hakimu, alienda na wenzake wa jimbo la Illinois, kufika akaambiwa nyie weusi mtatembea nyuma kabisa, kisa wanawake wazungu wa kusini wasije wakasusa. Hakwenda nyuma. Alikaa pembeni kwa watazamaji, watu wa Illinois walipopita akaingia katikati yao akaendelea na safari. Nampenda sana yule mama kwa hilo.

Lakini hapo angalau ubaguzi ulitamkwa, ukitamkiwa unajua cha kujibu. Kinachonisumbua ni kilichofuata. Mwaka 1920 katiba yao ikabadilishwa, mtu asinyimwe kura kwa sababu ni mwanamke, watu wakashangilia, alafu mwanamke mweusi wa majimbo ya kusini anafika kituoni anadaiwa kodi ya kura, anapewa mtihani wa kusoma, au anatishwa tu arudi nyumbani, na ikaenda hivo mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Hakuna mahali paliandikwa mwanamke mweusi haruhusiwi. Paliandikwa sharti, na sharti likafanya kazi yake kimya kimya, na wengi katika wale wazungu walioandamana na Ida 1913 walishapata chao wakaona kazi imeisha. Afrika Kusini hata hawakujificha, 1930 kura walipewa wanawake wazungu peke yao, mwanamke mweusi akasubiri mpaka 1994.

Kuna kesi moja nayo naifikiria mara nyingi nikiwa chanjani, pale tunapoanikia dagaa. Wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors, hukumu ikatoka 1976. Kampuni ile kabla ya 1964 ilikua haiajiri wanawake weusi, baadae ikaajiri, uchumi ukayumba ikapunguza watu kwa kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza. Sasa nani aliingia mwisho? Mahakama ikasema wanawake mbona wapo kazini (ndio, wazungu, maofisini), na weusi mbona wapo (ndio, wanaume, kiwandani), kwa hiyo chagueni moja, mnalalamikia rangi au jinsia, vyote viwili kwa pamoja hapana. Mwaka 1989 mwanasheria mweusi Kimberlé Crenshaw akaichambua kesi hiyo akaifananisha na mtu aliesimama njia panda, magari yanamjia toka pande zote, akigongwa kila dereva anasema sio mimi. Hilo neno njia panda kwetu halihitaji tafsiri.

Na tusijidanganye kwamba masharti ya namna hiyo tuliletewa na gazeti. Jirani zetu hapo Tabora, Januari 1958, TANU, chama kilichokua kinadai uhuru wa Tanganyika, walikaa wakabishana sana kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakaamua kuingia. Historia tumefundishwa hapo kwenye rangi, ni sawa, lakini kulikua na sharti lingine, ili upige kura lazima uwe na kipato fulani, au elimu, au kazi ya cheo. Wakati huo Bibi Titi Mohamed alikua anaongoza wanawake wa TANU toka 1955, ameingiza wamama kwa maelfu kupitia vikundi vya ngoma, na wengi wa wamama hao mshahara hawana, shule hawana, cheo hawana. Walichanga na kuimba na kubeba chama, ila sanduku la kura lilikua la wengine.

Sasa nirudi Kibirizi. Miaka michache iliyopita asasi moja ilileta semina ya haki za wanawake na uongozi, siku tatu, hotelini mjini, saa tatu asubuhi. Nia yao ilikua njema kabisa. Lakini dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inataka usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inakaa mchangani siku kadhaa na sisi ndo tunapata nafasi ya kusuka nywele na kwenda misibani. Semina iliwekwa katikati ya siku za giza. Kipindi hicho saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi inaingia, unagombania bei, unabeba beseni, unamwaga chanjani, unatandaza kwa kiganja wasilaliane, jua likipanda unageuza, jicho moja liko kwenye mawingu ya upande wa Congo mana mvua ikikukuta mtaji umeoza, na mpaka saa nane tisa wakiwa wamekauka vizuri unawashika wanalia kama majani makavu. Nani aende hotelini saa tatu? Tulienda walimu, watu wa ofisini, na mimi, kwa sababu mi nina form four na najua kuongea mbele za watu. Siku ya pili mwezeshaji akasema wamama wa mwaloni (kule mitumbwi inakoshusha dagaa) bado hawana mwamko. Nilikaa kimya. Nilisaini posho nikakaa kimya.

Na dagaa zangu siku hizo tatu nani alikua anageuza? Kulikua na mama mmoja nilikua namlipa elfu tatu kwa siku. Amezaliwa huku huku kwetu, upande wa mpakani, ila mama yake alitoka Burundi, kila akienda kufuatilia kitambulisho cha taifa anaambiwa alete karatasi za bibi, bibi gani wa miaka hiyo alikua na karatasi. Mwaloni wanamwita yule Mrundi. Watu wa Kigoma wenzangu mnanielewa, sisi wenyewe tukifika Dar tukifungua mdomo tunaulizwa wewe Mrundi au Mkongo, inauma mpaka unataka kulia, alafu tunarudi nyumbani tunamuuliza mwenzetu swali lile lile.

Alishaomba mara mbili kuingia kikundini. Mara zote mbili mi katibu ndo nilimsomea katiba, kifungu cha mwanachama awe na kitambulisho cha NIDA, hicho hicho cha taifa. Kifungu hicho tulikiandika kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake kwenye ile 10 ya mapato yake ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo, huko kitambulisho kinadaiwa na hatuna ujanja. Ila hisa zetu za kila Jumamosi, akiba tunayochanga wenyewe, ni hela zetu, sanduku letu, kufuli tatu na funguo tatu, hakuna serikali mle ndani, na bado tulimfungia nje kwa sharti la mkopo ambao hata hakuuomba. Mi sikuwahi kujiona nabagua, nilikua nasoma kilichoandikwa.

Ndo mana kwa jibu la swali lenu mi siangalii nani ametukanwa. Naangalia semina imewekwa siku gani, saa ngapi, lugha ipi, fomu inadai nini, na aliyepanga anamfahamu nani. Mwanamke wa mjini mwenye digrii akiniambia tuko pamoja naamini anamaanisha, ila nae aniulize mwezi uko wapi kabla hajapanga tarehe, na mimi kabla sijamsema yeye nimuulize yule anaegeuza dagaa zangu.

Mwezi uliopita nililipeleka kwenye kikao kwamba kifungu kile kibaki kwenye mkopo, kwenye hisa kiondoke. Maneno yalikua mengi, dada mmoja akasema tutaleta matatizo ya uhamiaji kwenye kikundi, mwingine akasema leo yeye kesho kumi, na hofu zao sizidharau mana watu wamewahi kusumbuliwa kweli. Tulipiga kura kwa mikono, 14 wakakubali, 9 wakakataa, na kati ya hao 9 wapo wawili mpaka leo salamu wananiitikia kwa shida. Nilikifuta kile kifungu kwa peni ya bluu mbele yao wote. Jumamosi iliyofuata alikuja na mtoto mgongoni, akanunua hisa mbili.