Mmeuliza kuhusu Aktiki: nani anapima, anapimaje, na sisi inatuhusu nini

Mara ya mwisho niligusia kwamba Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, imekuwa ikipata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979, hesabu iliyotolewa na watafiti wa Finland mwaka 2022, basi maswali yakaja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua haya. Mengine yanafanana, kwa hiyo kama hujaona jina lako soma tu, jibu lako huenda limo.

Barafu ikiyeyuka huko juu kabisa inatufikiaje sisi? Na mbona kuna watu wanasema barafu ya baharini ikiyeyuka bahari haipandi? (Mwanaidi, Lamu)

Da Mwanaidi, wote wako sawa, ila wanaongelea barafu mbili tofauti. Ile inayoelea baharini ikiyeyuka bahari haipandi kiasi cha kusumbua, jaribu mwenyewe nyumbani, tia vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, weka alama maji yalipofika, subiri viyeyuke, utakuta maji yako palepale. Inayotutisha ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, na kule kaskazini mzigo wote mkubwa uko Greenland. Yote ikiisha bahari inapanda kama mita 7. Haitaisha karne hii, lakini inapungua, tangu 2002 inapoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka.

Na hiyo hesabu imepatikanaje? Marekani na Ujerumani walirusha satelaiti mbili mwaka 2002 zinazofuatana angani zikiwa zimeachana kama kilomita 220. Zikipita juu ya kitu kizito, mvuto wake unaivuta ya mbele kwanza kisha ya nyuma, nafasi kati yao inabadilika kidogo sana, na hicho kidogo ndo kinapimwa, ukilinganisha mwaka kwa mwaka unajua barafu imepungua uzito kiasi gani. Za kwanza ziliisha kazi 2017, 2018 zikarushwa nyingine. Hakuna nchi moja iliyofanya hilo peke yake.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa pwani yetu wengi hawajaambiwa. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba yenyewe inavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo. Ikipungua, mvuto unapungua, maji ya karibu yanashuka, yale yaliyokuwa yamevutwa yanasambaa huku kwetu. Kwa hiyo bahari ya karibu na Greenland inashuka wakati ya Lamu, Pemba na Mtwara inapanda, tena zaidi ya wastani wa dunia kwa fungu hilo linalotoka Greenland. Mtu akikwambia barafu ya Wazungu haikuhusu mwambie hivyo.

Ni kweli kuna meli iligandishwa kwenye barafu makusudi mwaka mzima? (Hamisi, Tanga)

Kweli kabisa. Inaitwa Polarstern, ya Ujerumani, iliondoka Tromsø kule Norway Septemba 2019, mwanzoni mwa Oktoba ikajifunga kwenye bonge la barafu upande wa kaskazini mwa Siberia, ikaachia barafu iipeleke inakotaka. Wazo lenyewe la zamani, Mnorway Fridtjof Nansen alifanya hivyo na meli yake Fram kuanzia 1893 hadi 1896. Safari hii ikapewa jina MOSAiC na nchi 20 zilishiriki, kuna waliopima theluji, kuna waliopima mawingu, wengine walitoboa barafu wapate viumbe vidogo vya chini, na miezi kadhaa hakuna jua, ni giza tupu, na dubu wanazunguka, kwa hiyo kila kundi likitoka linakuwa na mlinzi mwenye bunduki.

Kwanini kujitesa hivyo? Kwa sababu majira ya baridi katikati ya Aktiki karibu hayakuwa na vipimo kabisa. Satelaiti zinaona juu, haziwezi kukwambia joto linapitaje kutoka baharini kwenda hewani kupitia nyufa za barafu usiku wa Januari. Kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia zilikuwa zinakisia tu sehemu hiyo.

Halafu korona ikaingia katikati. Ndege za kubadilisha watu zikafutwa, meli ikabidi iache barafu yake kwa wiki kadhaa ikakutane na meli nyingine mbili za Ujerumani karibu na Svalbard, visiwa vya Norway, ndo watu wakabadilishana. Ilirudi Bremerhaven Oktoba 2020. Na kumbukeni hili kwa swali la mbele: meli za kuvunja barafu zilizowasindikiza na kuwapelekea mafuta na watu wakati wa baridi kali zilikuwa za Urusi.

Nasoma misitu SUA. Kila nchi si ina vifaa vyake na namna zake za kupima, wanalinganishaje matokeo ya Alaska na ya Sweden? (Neema, Morogoro)

Neema mdogo wangu, umeuliza swali ambalo mimi naliona ndo kubwa kuliko yote, maana ushirikiano wa kimataifa watu wanafikiri ni wakubwa kupeana mikono kwenye picha, kumbe ushirikiano wenyewe ni kukubaliana urefu wa kijiti.

Mwaka 1990 wanaikolojia wa tundra, ile nchi ya baridi isiyo na miti, walikutana Marekani, Michigan, wakaanzisha kitu kinaitwa ITEX. Walikubaliana watumie kifaa cha bei rahisi, kibanda kidogo cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kuta zimeinamia ndani, juu kiko wazi. Hakuna umeme wala mashine. Kinazuia upepo, kinashika joto la jua, ndani kunakuwa na nyuzi moja mpaka tatu zaidi ya nje. Unakiweka juu ya kipande cha tundra, pembeni unaacha kipande kingine bila kitu, kisha kila mwaka unaandika yaleyale: ua limechanua tarehe ngapi, jani lina urefu gani, gesi gani inatoka kwenye udongo. Wa Alaska anafanya hivyo, wa Abisko kule Sweden anafanya hivyo, wa Svalbard, wa Kanada, hivyohivyo, miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wanamaliza shahada wanaondoka wanakuja wengine, kibanda kipo.

Uzito wake umeonekana vizuri 2024. Watafiti walikusanya majaribio 56 ya vibanda hivi kutoka sehemu 28 za tundra, mengine yamedumu miaka 25, wakakuta hewa ikipata joto la nyongeza la nyuzi 1.4 tu, kaboni dayoksaidi inayopumuliwa na mimea na udongo wakati wa kiangazi inaongezeka kwa asilimia 30. Kituo kimoja kisingeweza kusema hivyo, maana kwengine ongezeko ni kubwa kwengine dogo, inategemea rutuba ya udongo na mambo mengine.

Kwa misitu ya boreali, ile ya misonobari na mibetula inayozunguka kaskazini yote kuanzia Kanada mpaka Siberia, wanatumia minara. Juu ya mnara kunakuwa na kifaa kinachopima upepo na gesi mara nyingi kwa sekunde moja, unajua msitu unavuta kaboni kiasi gani na unatoa kiasi gani. Mwaka 2025 ikachapishwa kazi iliyounganisha vipimo vya sehemu 200 vya kuanzia 1990 hadi 2020, wakakuta zaidi ya asilimia 30 ya eneo la Aktiki na boreali sasa linatoa kaboni kuliko linavyovuta, na ukiongeza moto wa misitu inafika asilimia 40. Nilipoisoma nilikaa kimya muda. Hizi ndo sehemu tulizozoea kuambiwa zinatusaidia kuficha kaboni.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiwa uwandani huko Udzungwa unapima kipenyo cha mti kimo cha kifua, fuata ule utaratibu kama ulivyo hata kama umechoka. Kuna mtu atakuja kuunganisha namba zako na za watu asiowajua.

Pemafrosti ni bomu la methani? Nimeona video inasema tumebaki na miaka michache. (Baba Jeni, Nakuru)

Hapana, achana na hiyo video. Pemafrosti, ardhi iliyoganda mwaka mzima, ina kaboni kama tani bilioni 1,500, takriban mara mbili ya iliyoko hewani, hilo ni kweli na ni zito. Lakini wanaoipima wengi wanaona inavuja polepole kwa miongo na karne, hailipuki siku moja. Kuna sehemu zinabomoka ghafla, ardhi inatitia linatokea ziwa na methani, gesi inayopasha dunia joto, inatoka kwa mapovu, hizo ndo wanazihangaikia kwa sababu hazijaingia vizuri kwenye hesabu. Kuvuja polepole kusikokoma kunatosha kututia wasiwasi, hatuhitaji kutishana zaidi.

Tangu vita vya Ukraine vianze, Urusi bado wanashirikiana na hao wenzao kwenye utafiti? (Mzee Katabaro, Mwanza)

Shikamoo mzee. Kidogo sana, na hapa ndo roho inaponiuma.

Kuna Baraza la Aktiki, liliundwa 1996 Ottawa, nchi nane: Kanada, Denmark kwa ajili ya Greenland, Finland, Iceland, Norway, Sweden, Marekani na Urusi. Mwaka 2017 nchi hizo nane zilisaini mkataba kule Fairbanks, Alaska, wa kurahisishia wanasayansi kuvuka mipaka, kuingiza vifaa, kufika vituoni, kupeana data. Mkataba mzuri. Machi 2022, Urusi ndo ikiwa mwenyekiti, nchi saba zikasimamisha vikao kwa sababu ya uvamizi wa Ukraine. Vikundi vya kazi vilikuja kuanza tena taratibu, 2024 wakakubaliana vikutane kwa mtandao, ila miradi mingi kati ya vyuo vya Magharibi na taasisi za serikali ya Urusi imekatika, fedha zimezuiwa, watu hawaendi.

Sasa angalia ramani. Karibu nusu ya pwani ya Aktiki ni ya Urusi, na pemafrosti kubwa kuliko zote iko Siberia. Watafiti wa Aarhus, Denmark, walichukua vituo 60 vya mtandao mmoja wa Aktiki unaoitwa INTERACT, kati yake 17 viko Urusi, wakauliza tukiondoa hivyo 17 picha inabadilikaje. Kazi yao ilitoka 2024. Hata kabla ya kuondoa, vituo havikuwa vinawakilisha Aktiki yote vizuri, ukiondoa vya Urusi upotofu unazidi sana, na kwa baadhi ya vitu huo upotofu ni mkubwa karibu sawa na mabadiliko yenyewe yanayotabiriwa mpaka mwisho wa karne. Yaani unaweza kukosea kwa kutokuwepo tu.

Mimi siwalaumu waliofunga milango, watu wanakufa Ukraine na kuna taasisi ziliunga mkono vita hadharani, huwezi kuendelea kunywa chai nao. Ila naamini kabisa kipimo cha joto la udongo kilichochukuliwa na fundi wa kituo huko Yakutia, Siberia, kinapaswa kuvuka mpaka hata wakati wa vita. Imewezekana zamani. Mwaka 1973, vita baridi ikiwa bado ipo, Kanada, Denmark, Norway, Marekani na Umoja wa Kisovieti walisaini Oslo mkataba wa kulinda dubu weupe na kupeana matokeo ya utafiti. Na mwaka 2018, uhusiano ukiwa mbovu baada ya Urusi kuitwaa Crimea ya Ukraine, Urusi, Marekani, China na wengine, jumla pande kumi, walikubaliana wasivue samaki kibiashara katikati ya Bahari ya Aktiki kwa miaka 16 mpaka wafanye utafiti wa pamoja kwanza. Mkataba huo unafanya kazi tangu 2021, na Urusi bado imo.

Kinachopotea hakirudi mzee wangu. Ukikosa kupima 2023 huwezi kurudi kuipima 2023.

Wenyeji wa huko wanasemaje? Huku kwetu watafiti wanakuja, wanachukua sampuli, hawarudi. (Furaha, Goma)

Na huko walilalamika hivyohivyo kwa miaka mingi. Kwenye Baraza la Aktiki kuna mashirika sita ya wenyeji, wakiwemo Wainuti na Wasami, wanakaa meza moja na serikali, kura hawana lakini lazima washauriwe. Kule Nunavut, Kanada, huwezi kufanya utafiti bila leseni ya huko huko, na mwaka 2018 chama cha Wainuti wa Kanada kilitoa mkakati wao wenyewe wa utafiti, wanataka wawe na usemi kwenye maswali gani yanaulizwa, pesa inaenda wapi na data inabaki kwa nani. Mfano ninaoupenda ni SmartICE. Baridi ya 2009 kuingia 2010 kule Nain, Labrador, barafu ilikuwa nyembamba isivyo kawaida, watu wakatumbukia. Ndo wakatengeneza vifaa vya kupima unene wa barafu vinavyoburutwa na pikipiki ya theluji, wanaoviendesha ni wenyeji wenyewe, na matokeo yanawasaidia wao kwanza kujua wapite wapi kuwinda.

Furaha, nyinyi wa Kongo mna jambo linalofanana. Mwaka 2017 watafiti wa Kongo-Brazzaville na wa Uingereza walionyesha kwamba chini ya misitu ya kinamasi ya Bonde la Kongo kuna mboji, mabaki ya mimea yasiyooza yakaisha, yenye kaboni kama tani bilioni 30. Kabla ya hapo watu walidhani mboji ya namna hiyo ni mambo ya Siberia na Kanada zaidi. Masharti ya Nunavut yanafaa kusomwa Mbandaka, mji wenu ulio kwenye bonde hilo.

Mwafrika anaweza kwenda? (wengi)

Anaweza. Svalbard ni ya Norway, ila mkataba wa 1920 uliwapa raia wa nchi zilizosaini haki nyingi sawa, ndo maana pale Ny-Ålesund, nyuzi 79 kaskazini, utakuta vituo vya India, China, Korea Kusini na Japani, nchi ambazo hazina hata kipande cha Aktiki. Svalbard yenyewe haitaki viza, lakini unapitia Norway bara kwa hiyo ya Schengen utaihitaji. Vijana wajiunge na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa ncha za dunia, kipo tangu 2007, kuingia hakuna ada. Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa tano unakuja 2032 hadi 2033 na maandalizi yameshaanza, anayeanza shahada ya kwanza sasa atakuwa amekomaa wakati huo. Na kama nauli hakuna, data nyingi za minara na za satelaiti nilizotaja ziko wazi kupakuliwa bure, Neema na wenzako mnaweza kuanza nazo muhula huu.