Maswali na Majibu: Kama Kazi Yako ni Notisi, Ogopa

Walimu wenzangu wanasema masomo ya mtandaoni yatatuondoa kazini. Ni kweli? (Mwalimu wa sekondari, Singida)

Swali hili naletewa kila mara, na wanaouliza hawasemi kazini kwao wanafanya nini. Kama unaingia darasani na daftari lililochakaa, unanakili ubaoni mpaka kengele ilie na wanafunzi nao wananakili, basi ndiyo, kazi hiyo imeshakwenda. Mtoto mwenye simu ya mama yake anazipata notisi zilezile, tena zina picha za rangi.

Ila kufundisha watu kwa mbali hakukuanza na simu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka somo redioni kwa Watanzania wapatao milioni mbili. Hata hivyo kila kikundi cha wasikilizaji kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu, wa kuongoza mazungumzo kipindi kikiisha, kabla watu hawajaenda kuchimba vyoo. Waliopanga walijua kwamba redio inasema tu, haisikii. Mwaka 2011, somo la akili mnemba la Chuo Kikuu cha Stanford lilipowekwa mtandaoni bure, walijiandikisha zaidi ya 160,000, wakamaliza kama 23,000. Hao walijiandikisha kwa hiari yao. Sasa mfikirie mtoto wa kidato cha pili, saa mbili usiku, bando linakaribia kuisha na TikTok iko hapohapo.

Naomba notisi za Baiolojia kidato cha tatu. (Hakuweka jina)

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina vitabu vya kiada, bure. Nimeshalisema hili na silirudii tena.

Mwanangu wa darasa la sita anaangalia video za hisabati kila jioni, na mazoezi ya kwenye simu anapata vema tupu. Mtihani wa shule anafeli. Tatizo ni mwalimu? (Mzazi, Morogoro)

Huenda, lakini tuanze na hizo vema. Muulize ipi ni kubwa, 0.75 au 0.5. Atasema 0.75, na simu itampa vema. Sasa muulize 0.45 na 0.6. Akisema 0.45, usimkemee. Muulize kwa nini, umsikilize mpaka amalize. Atakwambia 45 ni kubwa kuliko 6. Mtoto huyo anasoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, na lile jibu la kwanza alilipata kwa njia hiyohiyo mbovu. Simu haikuijua njia yake kwa sababu haikumuuliza.

Mwalimu aliyekaa na daftari la mtoto dakika mbili angeliona kosa hilo. Angemchorea mraba wenye vyumba mia, ampe rangi apake 45, kisha mraba wa pili apake 60, waviweke pamoja. Ualimu uliobaki ndio huo, na haufanyiki katika darasa la watoto 90. Kwa hiyo video zije, zipunguze muda wa kunakili, lakini wenye mamlaka wasituletee video badala ya ajira za walimu.

Kwa nini nilipie tuisheni wakati YouTube ni bure? (Mzazi, Dar es Salaam)

Usilipe, hasa kama wa tuisheni ni yuleyule anayebania mada asubuhi ili aziuze jioni.

Nimepata kitabu cha leseni huria. Nikikitafsiri kwa Kiswahili nikauza, nitashtakiwa? (Mwalimu, Mombasa)

Soma leseni kabla ya kuniandikia. Kwa kawaida iko kwenye kurasa za mwanzo. Leseni za Creative Commons, zile zinazotumika sana kwa vitabu huria, zina herufi za masharti. BY peke yake: tafsiri, uza, mradi umtaje mwandishi na useme umebadilisha nini. Ukiona NC, usiuze. Ukiona ND, hata hiyo tafsiri usiisambaze. SA inataka tafsiri yako nayo iwe huria kwa masharti yaleyale.

Na nyinyi wa magrupu ya WhatsApp, msijifanye hayawahusu. Mnachukua andalio la somo la mwenzenu, mnafuta jina lake, mnaweka namba yenu ya simu, mnauza buku mbili. Mnunuzi naye halisomi. Mthibiti ubora anafika Mtwara, anafunguliwa andalio lenye jina la shule ya Kagera na idadi ya wanafunzi wa huko.

Shule yetu haina intaneti. Haya yanatuhusu nini? (Mwalimu mkuu, Kigoma)

Yanawahusu kuliko wa mjini. Kuna programu mbili za bure za kusomea bila intaneti, Kolibri na Kiwix. Zipakue mahali penye mtandao pamoja na masomo yake, uziweke kwenye kompyuta moja; vishikwambi vitaunganishwa nayo kwa Wi-Fi bila bando. Kwa Kiwix mnapata Wikipedia nzima ya Kiswahili. Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, vitoeni kabatini.

Onyo: Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto laki kadhaa, na utafiti uliotoka 2012 haukuona alama za hisabati wala za lugha zikipanda. Mfadhili akija, mwombe kwanza semina ya walimu. Kompyuta zifuate.

Akili mnemba ikisahihisha insha, mimi nisahihishe nini? (Mwalimu wa Kiswahili, Eldoret)

Iachie tahajia, nayo uikague, maana Kiswahili chake bado kinayumba. Wewe soma hoja. Ukishuku kwamba insha si ya mwanafunzi, usianze kumtuhumu mbele ya wenzake. Mwite akueleze aya ya pili bila karatasi, halafu muulize kwa nini ameiweka kabla ya ile ya tatu.